Jina Nililofuata Ujerumani

Niliondoka Kitale Agosti 1988 kwa sababu mwanangu alikuwa na miaka miwili na hakuwa na jina. Kwetu mtoto huitwa jina la marehemu wa ukoo wa babake. Babake, Mjerumani aliyekuja kufundisha useremala, alirudi kwao mimba ikiwa ya miezi minne, na barua zangu hakujibu hata moja. Mama yangu kule Chwele alikataa kumpa jina la kwetu. "Wafu wangu si wa kuazimana," alisema. "Enda ukaulize ukoo wao."

Kanisa la mji mdogo wa yule Mjerumani, nje kidogo ya Munich, lilialika akina mama wanne wa kanisa letu la Kibomet, mtaa wa Kitale. Nilihakikisha mimi ni mmoja wao.

Siku ya pili, asubuhi. Mwenyeji wangu, Sista Gerda, aliyewahi kuwa muuguzi Kitale, alinipeleka kwa mamake yule mwanamume. Tulisimamishwa mlangoni, kati ya maua. Yule mama akaangalia picha ya mtoto, akanirudishia.

"Anasema mwanawe ameoa," Gerda akatafsiri.

"Sikuulizia mume. Nauliza babu aliyekufa aliitwa nani."

Mlango ukafungwa.

Gerda alimjua yule mzee kwa jina la ukoo tu. Kwa hivyo saa tano tukaenda makaburini, nisome jiwe mwenyewe. Gerda akasimama kwenye nyasi zilizokatwa sawasawa.

"Alikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Kaburi ni la miaka ishirini. Familia isipoongeza muda, jiwe huondolewa."

"Ati mnakodisha kaburi? Kama chumba cha Kibomet?"

"Usinikasirikie mimi, dada."

Nilimkasirikia. Nilikasirikia hata nyasi.

Alasiri, ofisi ya mji. Gerda alimtajia karani, mzee mwenye miwani, jina la ukoo; karani akatazama picha kwa muda mrefu. "Hayo ni masikio ya watu wale," alisema, akafungua daftari la makaburi na kuniandikia: Konrad.

Nilijifunza kwamba watu wanaweza kumtupa mtu wao, karani asiye wa ukoo akamtunza. Hasira haikuisha kwa kujua hivyo.

Nilifika Chwele, nilikomwacha mtoto, Jumatatu, nikamtajia mama lile jina. Mama aliuliza kama nimeona kaburi.

"Waliling'oa."

Akamwita mtoto. "Konoradi, njoo ule. Wale watu wako hawana adabu."