Kitanda Kilicholaliwa na Shangazi

Msusi alipoolewa na fundi seremala, majirani walijua nyumba yake itajaa samani hadi mlangoni. Wapi! Siku alipoingia kwenye vile vyumba viwili vya kupanga alikuta mkeka, jiko la mkaa, sufuria mbili, ndoo ya maji na misumari ukutani ya kutundikia nguo. Mumewe alijikuna kisogo.

"Kitanda chetu nakimalizia wiki ijayo, mke wangu."

Alikimaliza kweli. Lakini kabla hakijatoka karakana akatokea mteja mwenye haraka, kikaenda. Cha pili nacho kikapata mwenyewe. Msusi alinuna kidogo, kisha akazoea. Chumba kisicho na vitu kilifagilika mara moja, na wateja wake walijinyoosha mkekani, vichwa magotini pake, soga likanoga hadi nywele zinakwisha kusukwa nao hawataki kuondoka. Friji hakuwa nayo, hivyo alipika cha siku hiyo tu, na kilichozidi alimpelekea jirani.

Mtihani uliletwa na shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo. Alipiga hodi bila taarifa, magoti yakimuuma, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mwanangu, vitu vyenu viko wapi?"

"Havijafika, shangazi."

"Ala! Umeolewa na fundi wa vitanda, halafu unalala chini kama msafiri aliyeachwa na gari?"

Fundi kusikia vile alitoka mbio. Jioni alirudi anasukuma mkokoteni, juu yake kitanda cha mwalimu mmoja mstaafu, kilichobakiza vanishi tu.

"Shangazi alale hapa," alimnong'oneza mkewe. "Mwenyewe hatakuja kesho."

Mwenyewe akaja kesho yake asubuhi. Alikuta karakana imefungwa, akaelekezwa nyumbani. Fundi alipomwona, akaanza kujikuna kisogo. Msusi akapiga moyo konde.

"Mwalimu, nisikufiche. Kitanda chako kimelaliwa. Shangazi yangu yuko juu yake hivi sasa."

Mwalimu aliutazama mkeka uliokunjwa pembeni, akamtazama fundi, kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Basi tusimwamshe. Chai ipo?"

Chai ilikuwapo. Vikombe vilikuwa viwili, fundi akanywea bakuli. Punde shangazi akatoka anapiga miayo, hana habari.

"Kitanda kizuri, baba, ila mguu mmoja unalia kila nikijigeuza."

"Umesikia, fundi?" mwalimu akasema. "Nirekebishie mguu huo kabla sijakichukua."

Shangazi alipoelezwa, aliona haya mpaka akajifunika uso kwa kanga. Halafu akacheka kuliko wote. Kitanda kikarudi karakana, na siku zilizobaki alilala mkekani na mwanawe, wakikumbushana mambo ya zamani, fundi akahamishiwa chumba cha mbele.

Shangazi alipoondoka, fundi alikusanya mabaki ya mbao.

"Hiki sasa hakiuzwi, naapa!"

"Anza na benchi," msusi akamwambia. "Umeona shangazi alivyopata tabu kuinuka? Na wamama ninaowasuka ni hivyo hivyo. Sisi bado tuna magoti."

Fundi hakubisha. Benchi likaja, likakaa ubavuni mwa mlango, na wamama wakalipenda. Kitanda kiliingia majira ya mvua, kizito, cha mbao za rangi tatu. Walikisogeza mbali na pale bati lilipovuja, wakatandika shuka, wakalala.