Springi za Pikipiki ya Baba na Aibu ya Mkwe

Harufu ya mafuta ya karanga yakipata moto huwakumbusha wengine mboga. Mimi hunirudisha uani kwetu, Tunduma, masika moja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza, na hunikumbusha pikipiki. Baba yangu, Lazaro Simkonda, alikuja nayo kutoka kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na pale kijijini hakuna mwingine aliyejua kuiendesha. Shule nilisoma kidogo tu, lakini majina ya waliosimama uani siku ile ninayo yote.

Bibi Namfukwe, mama yake mama yangu, alikuwa amelala ndani, tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, upande wa Mbozi, barabara yenyewe mawe na makorongo. Pikipiki ilikuwapo, petroli ilikuwapo. Tatizo lilikuwa namna ya kumpandisha. Kwetu Wanamwanga, wakati ule, mwanamume hakumkaribia mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini. Sasa Bibi angemshikaje Baba kiuno? Mzee Silwimba, kaka yake Bibi, akakata shauri: mtoto akae katikati, awatenganishe. Mtoto huyo nikawa mimi.

Baba akatikisa kichwa. Springi za nyuma alikuwa ameziweka laini kwa mtu mmoja, na kwa uzito wa watu watatu zingegonga mwisho kwenye kila jiwe. Ilibidi azikaze kwanza, na spana yake ya ndoano ilikuwa imepotea. Akainua pikipiki juu ya gogo ili springi zisibebe kitu. Akasugua kuondoa tope kwenye pete za chini, zile zinazokaza springi, kwa unyoya wa kuku, akadondosha mafuta ya karanga ya moto, akangoja yapenye. Kisha akachonga kijiti cha mninga, kwa sababu chuma kingeumiza chuma, akaanza kuzungusha pete: ngazi moja kushoto, ngazi moja kulia, zisipishane. Ndani Bibi alikuwa akiugua kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa kiumbe chochote.

"Shemeji," akasema mjomba Edwini, mdogo wake mama, "unakipaka mafuta chuma kama mtoto mchanga, na mama yangu anakufa?"

"Kawia ufike, shemeji."

"Afike wapi? Kaburini?"

Hapo ndipo Bibi aliposema kutoka ndani, na kila mtu akasikia: "Nipandisheni hivyo hivyo. Nitamshika mkwe wangu. Aibu haiui."

Baba aliinamisha uso, kijiti mkononi. Mama akageukia ukuta. Mzee Silwimba akakohoa, akasema, "Homa hiyo inaongea. Endelea na kazi." Na Baba akaendelea.

Pete ya kulia ikagoma. Baba alipoingia jikoni kuongeza mafuta, mjomba akachukua tindo na nyundo. Pigo la kwanza, pete ikasogea, naye akacheka, "Umeona?" Pigo la pili ikapasuka, kipande kikaruka hadi miguuni pangu, na springi ikalegea upande mmoja. Baba alitoka na kibakuli chake, akaangalia. Akakimwaga chini.

Tuliondoka hivyo hivyo. Pikipiki ilitembea kama mbuzi aliyevunjika mguu, na kila shimo Bibi alinibana mbavu. Kabla ya kijiji cha Nanyala tairi la nyuma lilikuwa limesagana na madigadi iliyo juu yake, likakwama kabisa. Watu wa pale wakatengeneza machela. Bibi alikata roho mabegani mwao, hospitali haijaonekana. Matangani watu walimlaumu mjomba Edwini na tindo lake, na alizeeka na lawama hiyo. Mzee Silwimba hakuulizwa kitu. Wala hakuna aliyesema kwamba kwa watu wawili, bila mimi katikati, springi zile zingeweza kuachwa kama zilivyokuwa.

Siku hizi nikiumwa, mkwe wangu Fadhili, mume wa binti yangu wa mwisho, hunipeleka zahanati kwa pikipiki yake, barabara ya lami. "Mama, shika vizuri," huniambia, na mimi humshika kiunoni mbele za watu wote wa Tunduma. Springi zake humeza mashimo bila kelele. Tunafika mapema, napewa dawa, narudi nyumbani kula. Sijawahi kufa kwa aibu.