Ugonjwa wa Mke Wangu Baada ya Kuzaa

Nilikuwa fundi cherehani huko Bungulu, Beni, na mke wangu alikuwa akinishonea vifungo. Tulifanya kazi barazani, yeye akiimba nyimbo za kwaya, na nadhani wateja wengine walikuja kwa ajili ya sauti yake tu. Vita vilipoteremka kutoka upande wa Eringeti alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Tulibeba cherehani na nguo chache, tukapata nafasi juu ya lori hadi Butembo, kisha tukatembea polepole siku nzima hadi Musienene, kwa mama yake.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Wanawake wa kanisa walileta uji na maharagwe, wakaimba mlangoni. Mke wangu aliwashukuru mmoja mmoja. Siku ile sikuona kitu.

Kufika wiki ya pili alikuwa ameacha kula. Alikuwa akimenya viazi huku machozi yakimtoka, bila sauti. Mtoto akilia, alikaa tu.

“Ule mutoto analia,” aliniambia asubuhi moja, kama anayeniarifu habari ya jirani.

“Umunyonyeshe basi.”

“Umupe mama. Mama yeye njo anajua.”

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa shamba, mwenye mikono migumu na maneno machache. Alisema amezaa watoto saba katika nyumba hiyo hiyo na siku ya nne kila mara alikuwa anapalilia. Majirani walisema tumepita mahali palipokufa watu, kwa hiyo kuna kitu kimemfuata njiani. Wazee wa kanisa walikuja wakamwekea mikono. Mmoja wao alimwomba aungame dhambi inayomzuia kufurahi. Mke wangu alipiga magoti na kufikiri kwa muda mrefu. Nilimwona anaitafuta dhambi hiyo kwa dhati.

“Sijue niungame nini,” alisema. “Muniambie, nitasema.”

Waliomba, wakanywa chai, wakaenda.

Nami nilifanya kosa langu. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na kazi, na kila siku watu walipita barabarani na magodoro kichwani. Nilimfokea mbele ya mama yake: “Bengine bamepoteza batoto mu njia. Weye uko na wako, muzima. Unalia juu ya nini?”

Nilitaka anijibu, hata kwa hasira. Aliniangalia akasema, “Iko kweli, papa,” kama kwetu wanaume wanavyoitwa kwa heshima. Basi. Tangu hapo alijificha ili kulia.

Siku ya soko alisema anaenda kununua chumvi, akambeba mtoto mgongoni. Tulifurahi, tukadhani anapona. Saa sita mchana mwanamke muuza maharagwe alifika kwetu akiwa na mtoto wetu mikononi. Mke wangu alikuwa amemwomba amshikie kidogo, akaondoka, hakurudi.

Nilikimbia. Nilimkuta ameketi kando ya barabara ya Butembo, bila viatu, hajui anakwenda wapi.

“Nilimuangalia ule mama,” aliniambia. “Iko na roho muzuri. Nilitaka mutoto akae na mutu muzuri. Mi niko mubaya, papa. Iko kitu inakufa ndani.”

Nilikaa chini karibu naye. Lori la askari lilipita, likatutia vumbi, na hatukuinuka.

Kesho yake nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima damu, joto, na tumbo.

“Papa, mwili iko bien, iko muzima,” alisema. Kisha akafunga mlango na kupunguza sauti. “Lakini haiko uvivu, na haiko pepo. Ni ugonjwa. Unakamataka bamama kisha kuzaa. Nilisikia habari yake ku masomo, mara moja tu. Hapa niko na dawa ya malaria na ya minyoo. Ya hii, sina. Munganga wa hospitali mwenye anajua iko mbali, na njia imefungwa.”

“Nifanye nini?”

“Musimuache peke yake. Na musimugombeze.”

Ndiyo matibabu yote tuliyopata. Tulipokezana: mama mkwe asubuhi, mimi mchana, dada wa mke wangu jioni. Muuza maharagwe, ambaye naye alikuwa ananyonyesha, alikuja kila siku kumpa mtoto ziwa. Mimi nilikaa tu. Nimeshona suti za maharusi, najua kurudisha nguo iliyoharibika, na mtu wangu alikuwa akififia mbele yangu nami sina pa kumshika.

Hakupona siku fulani ninayoweza kuitaja. Baada ya miezi mingi alilalamika kwamba sombe, mboga ya kisamvu, haina chumvi, na mama yake akatoka nje akalia nyuma ya jiko. Jioni hiyo mke wangu aliniambia jambo alilosikia kwa mama yake, ambalo mama mkwe hangeniambia mimi: kwamba mtoto wake wa pili, miaka mingi nyuma, mama naye hakutaka kumtazama, na aliogopa kumwambia mtu yeyote.

Tulirudi Beni njia ilipofunguka. Hatukuzaa tena. Mke wangu aliomba hivyo na sikubishana. Siku hizi wanaume wanaponiletea vitambaa vya nguo za uzazi za wake zao, ninawaambia kisa hiki, na wengi wanaitikia kwa heshima huku wakiangalia mlango.

Binti yetu alipokuwa na miaka kumi na mitano alisikia kwa mtu wa Musienene kwamba aliachwa sokoni. Alinijia kazini.

“Papa, mama alinikataa?”

“Hapana. Alikuwa mugonjwa.”

“Ugonjwa gani?”

Nilianza kueleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akaenda kuchota maji. Kwa siku kadhaa nilimwona akimtazama mama yake kwa pembeni wakiwa wanapika, na mama yake akiinamisha uso juu ya chungu. Nilikaa kwenye kiti changu cha kazi, sikujua nimwite nani kati yao kwanza, tuzungumze.