Komfrei ya Kiden

Stella Kiden alikimbia vita kule Yei na watoto wake, akavuka mpaka, akapewa mahali pa kulima Koboko na mzee Dumo, mwanajeshi mstaafu. Masharti yalikuwa yale yanayojulikana na kila mgeni huko: panda maharage, panda mtama, vuna, shukuru. Mti usipande, kwa maana anayepanda kitu cha kudumu kwenye ardhi ya mwenzake anajitangaza kuwa ndiye mwenyewe. Kiden hakupanda mti. Alipanda komfrei.

Ni majani tu, mapana, yenye manyoya. Mama mmoja sokoni Arua alimpa kipande cha mzizi, kinene kama kidole gumba. Majani aliyaozesha ndani ya maji akamwagilia maharage, nayo yakastawi hata majirani wakaona kijicho. Mengine aliyaponda, akafungia goti lake linalovimba. Alikipenda kile kichaka kuliko watu wengi, na nani wa kumlaumu?

Kiangazi kiliunguza kila kitu. Mvua ya kwanza tu, komfrei ikachipua. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Ndipo Dumo akaja na fimbo yake.

"Mama Kiden, hii kitu iko rudi kila mwaka. Mimi nilikupa mahali ya maharage. Mutu anapanda kitu hapana kufa, huyo anataka kukaa."

"Mzee, hii iko majani tu."

"Basi toa yote. Mvua ingine nikiona hata moja, wewe toka."

Kiden alilima kwa hofu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Alikatakata mizizi, akachoma minene yote, akasawazisha udongo, akapanda maharage. Hakujua, maskini, kwamba hata kipande chembamba kama uzi kinatosha kuchipua.

Mvua iliponyesha, komfrei ilitokeza shamba zima. Dumo hakupandisha sauti. Alinyoosha fimbo kuelekea barabarani. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, na Kiden akayaacha pale pale.

Sasa anafulia watu nguo. Juzi Dumo alimkuta kwenye pampu ya maji. Komfrei imeingia kwenye muhogo ambao mzee aliupanda shamba lile lile. Akauliza, bila hata kuona haya, inauawa namna gani.

Kiden alimtazama kwa uso mkavu.

"Lima, mzee. Chukua jembe, kata-kata yote, kabisa."

Akajitwika dumu lake, akaenda zake akichechemea.