Nimeandika historia ya marehemu, kisha nikamkuta marehemu dukani

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu ufiche jina langu na namba yangu, maana mtu ninayemwogopa anaweza kuwa humu anasoma. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Maisaka hapa Babati. Shule niliishia darasa la saba, lakini Mungu alinipa mkono wa kuandika. Kanisani kwetu kukiwa na msiba, mimi ndiye huitwa kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya kwenda kuzika: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha wajukuu wangapi. Mwaka jana mdogo wangu akanifungulia ukurasa kwenye soko moja la mtandaoni, lile ambalo watu wanauza kadi za harusi, mashairi na kazi nyingine za kwenye simu. Mteja anaagiza, unamtumia faili, akiridhika anakuwekea nyota. Nikawa nawaandikia wafiwa wa mbali nisiowajua, na kila mmoja namwombea kwanza ndipo naanza.

Wiki tatu zilizopita akaja kaka mmoja, akasema amefiwa na baba yake mzazi. Nikampa pole, nikamrekodia na sala. Akanipa majina matatu ya mzee, kwamba alikuwa mkulima wa Mutuka, kijiji cha huku kwetu, alipiga kengele ya kanisa miaka mingi, na mashine ya kukoboa ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ameacha mabinti wanne na mtoto wa kiume mmoja, ndiye huyo mteja, mkubwa wao. Nilipouliza mzee amefariki lini na kwa ugonjwa gani, akaandika, "Hapo acha nafasi mama, tutajaza wenyewe." Sikuuliza zaidi. Kwetu mfiwa hahojiwi, unampa pole na kukaa naye, basi. Akaomba niongeze kitu kimoja tu, kwamba marehemu akiwa na akili zake timamu alitamka kuwa shamba lote ni la mwanawe wa kiume. Nikaandika. Tena niliandika vizuri mpaka nikalia mwenyewe.

Jumatatu iliyopita nikaenda duka la pembejeo hapa mjini kununua dawa ya kuhifadhi mahindi. Mwenye duka, baba mmoja wa Kiislamu mcheshi sana, alikuwa anataniana na mzee mmoja.

"Mzee wa kengele, mbona siku hizi hatukusikii?"

"Huku nimebaki na vidole vitatu, unataka nivute kamba kwa meno?"

"Meno yenyewe yako wapi!"

Watu wakacheka. Mimi nikautazama ule mkono. Mwenye duka akaandika risiti ya mbegu za maharage, akasoma majina yote matatu kwa sauti, mzee akaitikia, "Ndiye mimi." Ndugu zangu, nikashika gunia la mbolea. Mzee akanigeukia. Nikasema, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba mwanangu. Mbona umebadilika hivyo, ni jua?" Nikamjibu ni jua.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kutulia na kusali, nikamwandikia yule mteja palepale, "Kaka, baba yako nimemwona leo Babati, mzima." Akapiga simu. Alikuwa na sauti ya taratibu kabisa, na ndiyo iliyonitisha. "Mama, mzee ana ugonjwa mbaya. Daktari ametuambia sisi watoto tu, yeye hajui. Tunajiandaa. Ukimwambia, presha itamwondoa na dhambi itakuwa yako." Nikamwomba nimrudishie hela yake aifute ile kazi. Akacheka. "Nimelipia, ni yangu. Muuza sanda huwa anauliza maiti iko wapi?" Nikajikaza nikamuuliza, na yale ya shamba, mzee aliyatamka lini, na dada zako walikuwepo? Akasema, "Kumbe uko hapahapa Babati. Afadhali. Basi siku ikifika utakuja kuisoma wewe mwenyewe, watu wa huku humwamini mama wa sala." Nikasema siwezi. Akasema nikikataa atanishtaki kwenye lile soko kuwa mimi ni tapeli, na kanisani atapeleka ile faili waone mama wa sala anavyowaandikia kifo watu walio hai.

Tangu siku hiyo nikishika Biblia macho yanapita tu juu ya maneno. Mnajua wenyewe, kinachosomwa mbele ya jeneza hakibishiwi. Wazee wa ukoo wanakichukua kama ushahidi, na wale mabinti wanne watakuwa wanalia, nani atawasikiliza? Mume wangu nilipomweleza alisema, "Mke wangu, mambo ya mashamba yanaua watu. Nyamaza." Lakini kinachonitesa zaidi ni kwamba sijui. Inawezekana yule kaka anasema kweli na mzee anaumwa, nikaenda Mutuka na maneno yangu nikamwua mimi. Na inawezekana hakuna daktari wala ugonjwa, kuna mtu tu aliyechoka kusubiri. Hilo la pili nikiliwaza natoka jasho mchana kweupe.

Jana nimemwona mzee tena barabarani, anatembea na mfuko wake, anasalimia kila mtu. Nilifungua mdomo, nikaishia kumwuliza habari za nyumbani. Akasema, "Nzuri mwanangu, kijana wangu wa pekee amerudi kuja kunitunza."

Wapendwa, wenye hekima na wanaojua sheria, nishikeni mkono. Nimwendee mzee mwenyewe, nianze na mabinti zake, au nifunge mdomo kama mume wangu anavyotaka? Msiniambie nisubiri. Nijibuni upesi, baba wa watu bado yupo.