Picha Inayopigwa kwa Sikio

Mama mpiga picha wa pale kona macho yamemwishia. Aliye mbele yake anamwona kama nguo iliyoanikwa, basi. Kamera yake bado ni ile ya filamu. Umbali anaupima kwa uzi wenye mafundo: ncha moja ameifunga kwenye kamera, nyingine anamshikisha mteja usawa wa pua, kisha anapapasa mafundo na kuzungusha lenzi. Halafu anamwambia mteja azungumze, lolote lile. Sauti ikilainika, anabonyeza. Ndiyo maana wengi kwenye picha zake wako midomo wazi. Wananung'unika, lakini wanarudi.

Siku moja alikuja mzee aliyefiwa na mkewe. Wanawe walitaka picha yake ya peke yake, na mbili alizopigwa kwingine walizikataa. Walisema huyu siye baba yetu. Mzee akakaa na uzi puani.

"Sema neno, baba."

"Sina neno, mama."

"Basi nitukane."

"Nikutukane nini, mtu mwenyewe hunioni?"

Mama akacheka peke yake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, hakikushuka.

"Marehemu alikuwa akikuitaje, mkiwa wawili tu?"

Mzee akafungua mdomo. Jina halikutoka; ilitoka pumzi tu, laini. Hapo mama akabonyeza.

"Mbona umepiga? Sijasema kitu."

"Nimesikia, baba. Hii hawaikatai."