Nilifurahia Namba Nne ya Mtoto Wangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mama mkwe ana wajukuu wanaomsomea kila kitu cha Facebook. Nina miaka 24, mimba yangu ya kwanza, wiki ya thelathini na nne. Naishi kwa mama mkwe huyo, karibu na Kwa Vonza. Mume wangu ana duka la vipuri Sultan Hamud na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Msimtukane mama huyu, ananipenda. Dada yake alifariki akijifungua mtoto mkubwa, yeye akiwa amemshika mkono. Ndiyo maana tangu mimba ionekane alinikataza mayai, maziwa na nyama ya mafuta, ili mtoto asinenepe tumboni. Nikatii, nikalala na njaa yangu nikiiita heshima.

Skani ya kwanza, karatasi ilisema kwa uzito mtoto yuko 31 katika mia. Ya pili, wiki jana, ikasema 4. Mimi nimesoma shule ambako matokeo yalibandikwa ukutani, namba moja juu kabisa. Nikaona mtoto amepanda kutoka 31 hadi nne bora! Niliambiwa niipeleke karatasi kliniki, lakini nikakimbilia nyumbani kujisifu. Jumapili mama mkwe akatoa ushuhuda kanisani kwamba mjukuu wake ni wa nne katika mia, watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nikikumbuka makofi yale nasikia aibu mpaka kulia.

Jana nikampelekea nesi ile karatasi. Aliisoma mara mbili, akafunga mlango. Akanieleza kwamba watoto mia wa umri huo wakipangwa kuanzia mwepesi kabisa, wangu ni wa nne kutoka mwanzo. Karibu wote wamemzidi. Alisema udogo peke yake si ugonjwa, wako watoto wadogo na ni wazima. Kinachomtisha ni vile ameshuka, na damu ya kitovu haipiti vizuri. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya mayai. Akasema nile vizuri, ila huenda shida iko kwenye kondo la nyuma linalomlisha mtoto, na huu si wakati wa kutafuta mkosaji. Akaniandikia barua nikalazwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, pengine nizalishwe mapema.

"Na akipunguza kucheza, usingoje mtu," aliniambia. "Unaenda."

Nilipita nyumbani kuchukua nguo, na hapo ndipo nilipokwama. Mama mkwe aliichukua barua akaitia kwenye mkoba wake wa Biblia.

"Mtoto mdogo anatoka bila kisu, mwana wakwa. Hao wanataka kukupasua tu. Wacha tuombe kwanza."

Nikampigia mume wangu. Akasema nimsikilize mama mpaka aje Jumamosi.

Leo tangu chai ya asubuhi mtoto amecheza mara moja tu, kidogo sana, na sasa ni saa nane mchana. Nimekunywa maji, nimelalia ubavu wa kushoto, nimemgusagusa. Kimya. Mama mkwe yuko mlangoni anapepeta ndengu. Nimeshavaa viatu. Nikimpita bila ruhusa, sijui kama nitapokelewa tena katika boma hili.

Ninyi mliozaa, nijibuni sasa hivi, msingoje kesho. Nimpite? Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko tumboni, na bado hajacheza.